Kabla ya kununua kompyuta nyingine ya injini, soma nambari ya ile uliyonayo

Probox ikigoma kuwaka pale Kondele, Kisumu, hukumu huwa ya haraka: kompyuta imekufa, tafuta nyingine ya ex-Japan. Subiri kwanza. Mara nyingi haijafa, na ukinunua isiyo yake umepata hasara mbili.

Anza na betri, maana ikishuka chini ya volti 12 majibu ya skana (kile kifaa cha kusoma hitilafu za gari) hayaaminiki. Washa swichi hadi ON bila kupiga stata. Kwenye soketi ya chini ya usukani, pini 16 iwe na moto wa betri, pini 4 iwe na athi. Skana ya kutumia moto wa soketi isipowaka hapo, angalia fyuzi.

Usitegemee skana itambue gari yenyewe. Gari zilizotengenezewa soko la Japan zina nambari ya chesisi inayoanza na kodi kama NCP51 au NZE141, si ile ya herufi na tarakimu 17. Chagua mwenyewe: Toyota, Japan, chesisi, injini 1NZ-FE, kisha fungua taarifa za kompyuta. Nambari inayotokea hapo mara nyingi ni ya programu. Ya kipuri iko kwenye stika ya kasha, ambalo kwenye Toyota nyingi limejificha nyuma ya glavu boksi. Kwa kawaida ya Toyota huanza na 89661, Nissan 23710, Honda 37820. Nakili yote hadi mwisho: plagi zinaweza kuingia vizuri kabisa na bado kompyuta ikawa ya gia za aina nyingine.

Skana ikiwaka lakini kompyuta ya injini haiijibu, pima fyuzi na relei ya EFI (mfumo wa umeme wa kuingiza mafuta). Kama taa ya injini pia haiwaki kwenye ON, shuku ile laini ya volti 5 inayolisha senso. Senso moja ikipiga shoti, kompyuta nzima hunyamaza. Chomoa moja moja, ukianza na ya throto na ya kanyagio la mafuta. Taa ikirudi ghafla, umemshika mwizi.

Kwa gari za CAN (nyaya mbili zinazounganisha kompyuta za gari), toa betri upime kati ya pini 6 na 14 za soketi ileile: ohm 60 ni sawa, 120 kuna mahali pamekatika, karibu na sifuri ni shoti.

Ikibidi kubadilisha, kumbuka imobilaiza, kinga ya wizi inayotambua ufunguo: gari inaweza kuwaka sekunde moja na kuzima hadi funguo zisajiliwe upya. Mtumie muuza vipuri picha ya stika kabla hujapanda matatu, na akikujibu "hizo zinaingiliana tu", mwulize yake ilitoka kwenye chesisi gani.