Treni ya Choshi: Usiipande Kutafuta Bahari Dirishani

Msomaji mmoja kaniandikia kwa uchungu: katoka Tokyo hadi mji wa Choshi, Japani, kapanda "treni ya pwani" mpaka mwisho wa reli, kageuza nayo, na dirishani kaambulia kabichi. Pole sana, ndugu yangu, lakini treni haina kosa. Reli ya Umeme ya Choshi, iliyoanza mwaka 1923, ina kilomita 6.4 na stesheni 10 tu, na sehemu kubwa inapita migongoni mwa nyumba, chini ya matawi ya miti na kati ya mashamba. Kwenda, bahari iko mkono wa kushoto, nayo huchungulia kidogo tu. Ukiitaka, shuka utembee.

Tuanze na kadi, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kutoka Tokyo, treni ya haraka ya Shiosai huchukua kama saa mbili. Kadi ya Suica, ile ya kulipia nauli kwa kuigusisha langoni, inakufikisha Choshi, lakini treni ndogo ya Choshi haiipokei. Nayo husimama kwenye ncha ya jukwaa lilelile la JR, kampuni kubwa ya reli iliyokuleta kutoka Tokyo, kwa hiyo ni rahisi kupitiliza na kupanda bila kuifunga safari yako kwenye kadi. Ukifanya hivyo, lango la JR litakalofuata litaikataa. Muulize mfanyakazi wa stesheni kabla ya kupanda, na uwe na pesa taslimu, tena chenji. Tiketi utauziwa na kondakta ndani ya behewa. Nauli ya Choshi hadi Tokawa, mwisho wa reli, imekuwa yen 350, na tiketi ya siku nzima yen 700. Maana yake, ukishuka njiani mara moja tu, ya siku nzima imekwisha kukulipa.

Soma ratiba kabla ya kushuka popote. Njia ni moja, treni hupishana kwenye stesheni ya Kasagami-Kurohae, na kwa kawaida ni kama treni moja kwa saa. Ukichelewa dakika mbili, utakaa kwenye benchi na upepo.

Shuka stesheni ya Inubo. Mnara wa taa wa Inubosaki uko mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Ulijengwa kwa matofali mwaka 1874 chini ya mhandisi Richard Henry Brunton, na ndani una ngazi 99 za kuzunguka, nyembamba, kwa hiyo mkoba mkubwa ni adhabu. Kutoka hapo teremka kaskazini ufuate ufuo hadi stesheni ya Kimigahama. Hii ndiyo bahari uliyokuwa unaitafuta. Itazame tu: mikondo yake ni mikali na kuogelea kumekatazwa.

Usiondoke Inubo bila nure-senbei. Ni kitafunio cha mchele kinachochomwa, kisha kutoswa kwenye sosi ya soya kingali cha moto, kikainywa mpaka ndani. Kwa hiyo hakikatiki kwa mlio; kinavutika, tena kina chumvi hasa, na vidole hubaki na sosi. Beba kitambaa. Sosi yenyewe ni ya mjini: kiwanda cha Yamasa kiko jirani na stesheni ya Nakanocho.

Wanaokicheka kitafunio hiki hawajui kinachoendesha magurudumu. Mwaka 2006 kampuni ya reli hii ilikosa pesa za ukaguzi wa lazima wa mabehewa, ikawaomba watu kupitia tovuti yake wanunue nure-senbei ili ipate za matengenezo. Maagizo yakamiminika hadi utengenezaji ukazidiwa. Mauzo ya vyakula yamekuwa yakizidi mapato ya nauli. Basi mtu anayepiga picha mia za behewa kuukuu, akapanda bure kwa macho na kuondoka bila kununua hata pakiti moja, asije akalia siku reli ikifungwa.

Kutoka Inubo, kilomita 0.9 zilizobaki hadi Tokawa ni fupi, na stesheni ya huko ni ya mbao, imezeeka vizuri. Kabla ya kuzurura bandarini, hesabu dakika za treni ya kurudi.