Jibu: Vijana wanaganda kwenye maigizo ya papo kwa papo

Ndugu, umeuliza kwa nini vijana wako 20 hapo Tononoka, Mombasa, wanaganda ukiwaambia "igizeni chochote". Shida ni hicho "chochote". Wape mahali, uhusiano na haja: foleni ya feri Likoni, mtu na shemeji yake, mmoja anamdai mwenzake. Basi.

Anza na duara dakika 10: kupiga makofi kwa zamu, mmoja hadi mwingine, kisha hadithi ya neno moja moja, kila mtu akiongeza neno lake. Halafu waigize wawili wawili, dakika 2 tu; ukiwaachia 5 wataanza kutusiana ili wachekeshe. Kanuni ni kupokea na kuongeza. Asha akisema, "Shemeji, mbona huyu samaki ananuka?", Juma asijibu "samaki gani?" Hapo mchezo umekufa. Aseme, "Si ndiye uliyeniuzia Jumatatu!"

Siku ya kwanza usimwite mtu mbele peke yake, haya itamuua. Jozi zote 10 zicheze kwa mpigo, ukumbi uvume tu. Na wale wachekeshaji (kila kundi lina wawili, huwakosi) wape sharti: kila jibu lianze na neno la mwisho alilotamka mwenzake. Watalazimika kusikiliza.