Jinsi ninavyofuatilia Tour de France wiki tatu nzima nikiwa Kigoma

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili kuhusu Tour de France, zile mbio za baiskeli za Ufaransa: inakuwaje fulani ashinde leo halafu jezi ya njano avae mwingine, na mtu wa huku Kigoma anawezaje kufuatilia mbio za wiki tatu asichoke. Nazifuatilia miaka mingi sasa, hapa hapa Mwanga. Kwangu maswali yote mawili yana jibu moja: usimkazie macho mshindi wa siku, tazama muda.

Tour de France ina hatua 21, yaani mbio za siku moja moja, ndani ya siku 23. Kila hatua ina mshindi wake, ila muda wa kila mwendeshaji unajumlishwa tangu siku ya kwanza, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anavaa njano. Mwaka 2017 Chris Froome, yule mzaliwa wa Nairobi, alibeba taji bila kushinda hatua hata moja. Alimzidi Rigoberto Urán kwa sekunde 54. Mwaka 1989 Greg LeMond alimzidi Laurent Fignon kwa sekunde 8, baada ya zaidi ya kilomita 3,000! Ukilijua hilo, huoni tena siku isiyo na maana.

Halafu kuna upepo. Anayetangulia ndiye anayeukata, waliojibanza nyuma yake wanatumia nguvu pungufu kuliko yeye. Ndiyo maana timu ina watu wanane lakini wanaopigania taji huwa mmoja au wawili. Wengine kazi yao ni kumkinga kiongozi, kushuka hadi kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji, hata kumpa tairi lao akipata pancha. Wengi hawatangazwi, na mimi hao ndio nawapenda kuliko wote. Chagua mmoja, mfuate tangu hatua ya kwanza. Utaanza kuelewa kwa nini kundi linakimbia au linapoa.

Mlimani mambo yanageuka. Mwendo unapungua, kwa hiyo kujikinga upepo hakusaidii sana, na uzito wa mwili ndio unaoamua. Waliowahi kupandisha baiskeli yenye dumu la mawese kutoka stesheni ya reli hadi Mwanga hawahitaji kuelezwa hili. Mwaka 2020 Primož Roglič alilindwa na timu yake milima yote, akafika hatua ya 20 akiwa mbele kwa sekunde 57. Siku hiyo kila mtu alikimbizana na saa peke yake, hakuna wa kumkinga. Tadej Pogačar akazifuta sekunde zote na kuondoka na taji kwa tofauti ya sekunde 59. Nasema bila kusita, hakuna fainali ya mpira iliyonitetemesha vile.

Na usizime ukishaona wa kwanza kafika. Nyuma kuna vita nyingine, ya ukomo wa muda. Wenye miili mizito, wale wa kasi za mwisho kwenye tambarare, wakichelewa kupita kiwango wanaondolewa mashindanoni. Biniam Girmay wa Eritrea mwaka 2024 alishinda hatua tatu, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, na akaibeba jezi ya kijani, ya aliyekusanya pointi nyingi kuliko wote. Lakini wiki ya mwisho alianguka karibu na Nîmes, akaumia, na milima ya Alps ilikuwa bado inamsubiri. Ilibidi avuke yote ndani ya muda ndipo jezi iwe yake. Zile siku za Alps nilimwangalia yeye kuliko mwenye njano.

Sasa la kuangalia wapi. Bahati yetu ni kwamba Tour inakimbiwa Julai, ligi kubwa za Ulaya zimefungwa. Zungumza na mwenye kibanda umiza wa mtaani kwako; kama king'amuzi chake kina chaneli inayoonyesha, jioni za Julai hana mechi nyingi za kukunyima. Hatua nyingi zinaisha kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni kwa saa zetu, hivyo unatoka kazini unakuta kilomita za mwisho. Umeme ukikatika, fuata maandishi ya moja kwa moja kwenye simu, hayali bando kama video.

Kama wiki tatu zinakutisha, anza na Tour du Rwanda, mwishoni mwa Februari. Ni siku nane tu, tena ni jirani: Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, unatokea Rusumo. Beba hati ya kusafiria, na kumbuka saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Kutazama barabarani ni bure. Usisimame kwenye tambarare, watapita kama upepo usiambulie kitu. Nenda kwenye mlima, na kama hatua inapita ule wa mawe wa Kigali wanaouita Mur de Kigali, wahi mapema kabla barabara hazijafungwa. Pale wanapanda taratibu kiasi cha kusoma namba mgongoni na kumwona nani ameishiwa.

Walioko Kasulu na Kibondo wenye nia ya kwenda Februari ijayo waandike hapa chini, tupange safari pamoja.