Wi-Fi kwenye kompyuta ya mezani: anza na simu yako

Ndugu yangu, umeuliza ununue nini ili kompyuta yako ya mezani ipate Wi-Fi, maana ruta iko sebuleni na wewe uko chumba cha mwisho. Kabla hujatoa hata shilingi, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, iunganishe na Wi-Fi ya nyumbani, kisha washa kushiriki intaneti kwa USB. Simu nyingi zinakubali. Utajua kama mawimbi yanafika chumbani, na utakuwa na njia ya kupakulia draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) baadaye.

Cha kudumu, kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB ndicho rahisi. Ila tafadhali usikichomeke nyuma ya kasha, chuma kinaziba mawimbi. Tumia waya wa USB wa kurefusha, ukiweke juu ya meza. Watu wengi hulaumu kifaa bure wakati tatizo ni mahali kilipokaa.

Mimi napendelea kadi ya PCIe (inayochomekwa ndani ya kasha, kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu wa kompyuta) yenye antena za nje, mradi kompyuta haihamihami. Chomoa umeme kwanza. Kadi ikiwa na Bluetooth, huja na waya mwembamba wa kuchomeka kwenye pini za USB za ubao mama. Ukiusahau, Wi-Fi itashika lakini Bluetooth haitaonekana.

Vyovyote vile, chagua cha bendi mbili: 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi, 5 GHz ina kasi zaidi. Na kama unatumia mfumo wa Linux badala ya Windows, hakikisha draiva ya chipu yake ipo kabla hujalipa.