Kinyume cha Kitenzi cha Kiingereza na Nomino Yake

SWALI: Kwako Mwalimu. Darasani tulipewa vitenzi accept, arrive na admit, tukaambiwa tuandike kinyume cha kila kimoja, kisha tutoe nomino ya kinyume hicho. Niliandika not accept na unarrive, nikamalizia nomino zote kwa -tion, na nikakosa. Je, ipo kanuni ya kufuata?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kakamega

JIBU: Kanuni moja inayotosheleza vitenzi vyote haipo, lakini upo utaratibu ambao ukiufuata makosa yatapungua sana. Kwanza, tenga ukanushi na kinyume. Katika Kiswahili unajua vyema kwamba kinyume cha "alifunga mlango" ni "alifungua mlango" wala si "hakufunga mlango". Vivyo hivyo, not accept hukana tu kwamba tendo lilifanyika, ilhali refuse hutaja tendo jingine linalopingana na lile la kwanza.

Kiambishi un- kinapotangulia kitenzi hufanana na kauli yetu ya kutendua, nacho hukubalika pale tu ambapo tendo linaweza kutenguliwa, kama ilivyo kwa lock, tie na pack. Kufika hakutenguliki: mtu aliyefika Kisumu asubuhi na kuondoka jioni ametenda matendo mawili, na ndiyo sababu kinyume cha arrive ni neno lenye shina tofauti kabisa, depart. Vitenzi vingine, kama agree na appear, huchukua dis-. Jihadhari na mis-, kwa maana misunderstand si kinyume cha understand. Maana yake ni kuelewa vibaya.

Admit ndicho kitenzi kilichostahili kukusumbua, kwa kuwa kinyume chake hakijulikani mpaka usome sentensi nzima. Ikiwa hospitali imemlaza mgonjwa, kinyume ni discharge. Ikiwa mshukiwa amekiri kosa, kinyume ni deny. Na ikiwa shule imempokea mwanafunzi, kinyume ni reject. Mwalimu anayetoa kitenzi cha namna hii pasipo sentensi hawatendei haki wanafunzi wake, nami nawasihi walimu wenzangu tuuache mtindo huo.

Ukishapata kinyume, ndipo utafute nomino, na usihamishe kiambishi tamati cha kitenzi kimoja kukipeleka kwa kingine. Accept hutoa acceptance lakini refuse hutoa refusal. Arrive hutoa arrival lakini depart hutoa departure. Succeed hutoa success lakini fail hutoa failure. Kwa admit, nomino ni admission katika maana zote tatu, ilhali vinyume vyake hutoa discharge, isiyobadilika hata herufi moja, denial na rejection.

Tofauti hizi zina historia. Baada ya Wanormani, watu wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza na kukaa pamoja na yale ya asili, ambayo baadhi yake huunda nomino kwa kubadilisha umbo la ndani, kama fly na flight, au think na thought. Kwa hiyo, unapojifunza kitenzi kipya, andika daftarini kitenzi, nomino yake, kinyume chake na nomino ya kinyume hicho katika mstari mmoja, ukivihakikisha kwa kamusi iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi.

SWALI: Mwalimu, binti yangu hutumia -ing kila anapoombwa nomino, akaandika arriving na refusing. Je, amekosea?
Mzazi, Nakuru

JIBU: Kisarufi, mzazi mwenzangu, umbo hilo laweza kutumika kama nomino, kama vile "kufika" kwetu kunavyoweza kuwa kiima cha sentensi. Hata hivyo, zoezi linapodai nomino ya kitenzi, mtahini hutarajia ile iliyokwisha kuzoeleka, yaani arrival na refusal, na -ing hukubaliwa bila swali pale ambapo ndiyo nomino ya kawaida, mfano borrowing. Kinyume cha borrow, ambacho ni lend, hutoa lending, ingawa kitu chenyewe kinachokopeshwa huitwa loan. Mwambie pia asome sentensi inayotangulia pengo, kwa kuwa sentensi inayomtaja mtu huenda ikahitaji borrower au lender.