Nikichelewa kuamka, nipunguze chakula?

SWALI: Ninahesabu kalori ili nipunguze uzito, lakini Jumapili huamka saa tano asubuhi, chai ikiwa imeshanipita. Je, niziondoe kalori za chai hiyo katika hesabu ya siku?

JIBU: La, dada yangu, usiziondoe, kwani hata usingizini moyo, mapafu na ubongo havipumziki, na mwili hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mtu wa kilo 60 akilala saa 3 zaidi badala ya kuketi sebuleni, tofauti haifiki hata nusu ya chapati. Kinachoharibu hesabu ni ile njaa ya saa sita, inayokufanya urundike pilau kwenye sahani na kuimaliza umesimama jikoni. Anza na uji na yai, kisha ule chakula cha mchana saa tisa. Anayetumia insulini, hata hivyo, asisogeze mlo kabla ya kuzungumza na daktari wake.