Mtihani wa mkanda wa njano: anapimwa nini?

Dada, umeuliza mwanao wa miaka 9 atapimwa nini Jumamosi kwenye taekwondo, na kama akifanya vizuri sana anaweza kurukishwa hadi mkanda mweusi. Kurukishwa hadi huko hamna. Klabu nyingi humpima mateke ya msingi, kisha Taegeuk Il Jang, mfululizo wa miondoko 18, na hapo ndipo watoto hutoka jasho. Ukiifanya sawasawa unamalizia palepale ulipoanzia. Wangu aligeukia upande usio wake, akamaliza kaipa mgongo meza ya wasahihishaji! Chora alama ya chaki sakafuni, arudie mpaka aweze kurudi juu yake.

Amri ni za Kikorea: charyeot, simama wima; kyeongnye, inama. Afunge mkanda mwenyewe, ncha mbili zilingane. Na ulizia mapema kama ada inajumlisha mkanda mpya, maana mimi nilidaiwa tena mlangoni.

Huo mweusi, akiufikia kabla ya miaka 15, Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo huko Seoul, humpa cheti cha poom (daraja la watoto), si dan (la wakubwa), na mkanda wenyewe huwa nusu mwekundu.